Hesabu fotoni zako kabla ya kununua leza

Ndugu mwenyekiti, walimu, wahandisi, na ninyi wanafunzi mliokaa huko nyuma karibu na mlango:

Nimeombwa nizungumzie vyombo vya mwanga vinavyopima plazima, yaani gesi ya moto mno ambayo elektroni zimeachana na atomu, katika mitambo ya muungano wa nyuklia. Mada hii ni pana, na nikisema nipitie kila chombo tutakesha. Nitashika jambo moja tu. Kabla hujauliza chombo kipi ni kizuri, uliza fotoni ngapi, yaani chembe za mwanga, zitakifikia, na zimepita njia gani hadi kufika. Mwenye majibu ya maswali hayo mawili hadanganyiki kirahisi na mchoro wa kuvutia kwenye skrini.

Kwa nini tunatumia mwanga? Kwa sababu hakuna cha kuchovya. Elektronivolti 1 ni kama kelvini 11,600; plazima ya elektronivolti 1,000, yaani keV 1, ina joto la kelvini milioni 11 na zaidi, na mitambo ya leo inavuka keV 10. Kipimajoto chochote utakachokiingiza katikati kitaungua, na kabla hakijaungua kitakuwa kimeshaichafua plazima na kuipoza. Kilichobaki ni kusimama nje ya dirisha na kutazama, au kupitisha mwanga wako mwenyewe na kuona umerudi vipi.

Tuanze na leza, maana ndiyo inayovutia wengi na ndiyo inayowaumbua wengi.

Katika mtawanyiko wa Thomson, unapitisha leza ndani ya plazima. Elektroni huru zinatikiswa na wimbi la mwanga, nazo zinautawanya mwanga huo kila upande. Elektroni inayokuja mbio upande wako inakupa mwanga uliosogea kuelekea buluu. Inayokukimbia inakupa mwanga uliosogea kuelekea wekundu. Plazima ikiwa ya moto zaidi, elektroni zinakimbia zaidi, na wigo unatanuka. Kwa hiyo upana wa wigo unakupa joto, na wingi wa mwanga unakupa msongamano. Shikeni tofauti hiyo, tutaihitaji baadaye.

Sasa chukueni kalamu. Leza ya Nd:YAG, urefu wa wimbi nanomita 1064, mpigo mmoja wa jouli 1, ina fotoni 5.4 × 10¹⁸. Plazima ina elektroni 5 × 10¹⁹ kwa kila mita ya ujazo. Unatazama sentimita 1 ya njia ya leza, kwa pembe ya digrii 90, na lenzi yako inakusanya steradiani 0.01 (steradiani ni kipimo cha upana wa pembe ambayo lenzi inapokea mwanga). Kila elektroni inatawanya kwa kiwango cha mita za mraba 7.9 × 10⁻³⁰ kwa steradiani. Zidisha vyote: sehemu iliyotawanywa na kuingia kwenye lenzi ni 4 × 10⁻¹⁴. Kutoka kwenye bahari ile ya fotoni, zimekufikia laki mbili na ushei.

Hazijaisha kupungua. Dirisha, lenzi, nyuzi za mwanga na vichujio kwa pamoja vikipitisha robo, zimebaki elfu 50. Kitambuzi kikigeuza nusu yake kuwa umeme, ni elfu 25. Ukizigawa kwenye chaneli tano za rangi, kila chaneli ina kama elfu 5. Kipeuo cha pili cha 5,000 ni 71, kwa hiyo mashaka ya kitakwimu peke yake ni asilimia 1.4, na kitambuzi cha aina ya fotodiodi ya maporomoko kinaongeza makelele yake juu ya hapo. Katikati ya plazima hali hiyo ni nzuri. Nenda sasa ukingoni, ambako msongamano ni 10¹⁸: kila chaneli ina fotoni 100, mashaka ni asilimia 10, na bado hatujatoa mwanga wa plazima yenyewe. Ndiyo maana nasema hesabu kwanza. Leza ya bei mbaya haikusaidii kama lenzi yako ni finyu. Mara nyingi kupanua lenzi ni rahisi kuliko kuongeza jouli.

Mwanga wa plazima unapunguzwa kwa saa. Mpigo wa leza unadumu kama nanosekunde 10, basi unapokea ishara kwa makumi machache ya nanosekunde tu na kufunga. Unapima pia kiasi cha mwanga muda mfupi kabla ya mpigo, unakitoa. Lakini angalieni: unachotoa ni wastani; makelele yake hayatoki. Na kama chaneli yako imeangukia mstari wa atomu fulani, hakuna saa itakayokuokoa. Waliotumia leza ya rubi, nanomita 694.3, walilijua hilo: mstari mwekundu wa hidrojeni uko nanomita 656.3, katikati kabisa ya wigo unaotaka kuupima plazima ikifika keV 1. Vichujio vilibidi vipangwe kuurukia.

Pamoja na shida hizo, ni leza ya rubi iliyomaliza ubishi mkubwa kuliko yote katika fani hii. Mwaka 1968 wanasayansi wa Urusi ya Kisovieti walitangaza kwamba tokamaki yao (mtambo wa umbo la pete unaoishika plazima kwa sumaku) ya T-3 pale Taasisi ya Kurchatov, Moscow, imefikia joto ambalo wengine hawakuliamini, kwa kuwa lilikuwa limekisiwa kutokana na vipimo vya sumaku. Wenye shaka walisema huenda ni elektroni chache tu zenye mbio za ajabu zinazopotosha hesabu. Mwaka 1969 timu ya Waingereza kutoka maabara ya Culham ilipeleka leza na spektromita zake (vyombo vya kupambanua rangi za mwanga) Moscow, ikapima, ikaona wigo uliotanuka sawasawa na umbo linalotarajiwa la plazima iliyotulia: karibu keV 1. Umbo hilo ndilo lililokata maneno. Wigo wa elektroni chache za mbio usingefanana hivyo. Baada ya hapo maabara nyingi duniani zikageukia tokamaki.

Turudi kwenye adui mkuu, ambaye mimi namwita mwanga mzururaji. Leza ina fotoni 5 × 10¹⁸. Ikiwa sehemu moja tu katika bilioni itagonga kuta, ikarukaruka na kuingia kwenye lenzi yako, hizo ni fotoni bilioni 5 zikishindana na laki mbili zako. Tena zina urefu wa wimbi wa leza kamili. Dawa yake si moja, ni nyingi zikipangwa kwa zamu. Dirisha la kuingilia linawekwa kwenye pembe ya Brewster, yaani mwinamo ambao kioo karibu hakiakisi leza, au linasogezwa mbali na chumba cha ombwe kwa bomba refu. Ndani ya bomba kunapangwa visahani vyenye matundu, kila tundu likiwa kubwa kidogo kuliko mhimili wa leza. Kingo za matundu zichongwe kama wembe, la sivyo kisahani chenyewe kinakuwa chanzo cha mzururo. Upande wa pili leza inaishia kwenye mtego: bomba refu lenye kioo cheusi kilichoinamishwa, mwanga unagonga mara nyingi na kila mara unapungua. Na ukutani, pale lenzi yako inapotazama baada ya kuvuka plazima, weka mtego mwingine ili nyuma ya picha kuwe na giza.

Baada ya yote hayo ndipo vichujio vinafanya kazi yao. Kichujio kinachozuia leza mara milioni kinapunguza zile bilioni 5 hadi elfu 5, na hapo unaweza kuishi. Wanaoanza hupenda kununua kichujio kikali kwanza na kuacha mabomba kwa baadaye. Hawachelewi kugundua kwamba vumbi moja likiungua kwenye dirisha, mzururo unapanda mara mia kwa siku moja, na hakuna kichujio kilichopangiwa mara mia hiyo.

Hilo la vumbi si mzaha. Jouli 1 kwenye mhimili wa kipenyo cha sentimita 1 ni kama jouli 1.3 kwa sentimita ya mraba, katika nanosekunde 10. Kioo safi chenye utando mzuri kinastahimili. Kioo chenye alama ya kidole hakistahimili: alama inafyonza nishati, utando unapasuka, na mpigo unaofuata unalipanua doa. Futa kwa karatasi ya lenzi na pombe safi, mara moja kwa upande mmoja, na usirudie kwa karatasi ileile. Mahali lenzi inapoikutanisha leza pakae ndani ya chumba, mbali na madirisha yote mawili. Na kwa kuwa nanomita 1064 hazionekani kwa jicho lakini zinafika vizuri kabisa kwenye retina, miwani ya kujikinga isomwe maandishi yake kila mara. Miwani ya leza ya kijani haizuii Nd:YAG, na kwa sura zinafanana vya kutosha kumponza mtu.

Uhakiki sasa. Ili kupata msongamano halisi, unajaza chumba kwa gesi ya nitrojeni yenye mgandamizo unaoujua, unapiga leza, na unapima mtawanyiko wa Raman, ambao mistari yake imesogea pembeni mwa leza. Ukitumia argoni na mtawanyiko wa Rayleigh unapata ishara kubwa zaidi, ila iko palepale kwenye urefu wa wimbi wa leza, na mwanga mzururaji unaingia nayo. Hapo unapima kwa migandamizo kadhaa na kuchora mstari: mteremko ni gesi, na kinachobaki mgandamizo ukiwa sifuri ni mzururaji. Mimi naona Raman inafaa zaidi kwa namba ya mwisho, na Rayleigh inafaa kumsaka mzururaji.

Sasa ile tofauti niliyowaambia mshike. Joto linatokana na uwiano wa chaneli. Msongamano unatokana na wingi. Chumba kikipashwa moto kusafishwa, mabomba yanatanuka na milango yake inasogea milimita moja au mbili. Mhimili wa leza una milimita chache tu. Ukitoka nusu nje ya picha ya nyuzi zako, chaneli zote zinapungua pamoja: joto linabaki sahihi, msongamano unaanguka. Ukiona msongamano umeshuka na joto halijagutuka, usikimbilie kuandika kuhusu fizikia mpya, shuku mpangilio. Wengi hugawa fungu moja la nyuzi nusu kwa nusu, juu na chini, kila nusu na kitambuzi chake. Leza ikiwa katikati, nusu zinalingana. Ikisogea, uwiano unakuambia imesogea upande gani.

Dirisha likichafuka ni kisa kingine. Utando wa kaboni unaojijenga kwenye kioo unanyonya buluu kuliko wekundu. Na mwanga wa Thomson wa Nd:YAG tunaoupima karibu wote uko upande mfupi wa 1064: kwa keV 1 wigo unatanuka kama nanomita 94 kila upande, na kwa keV 10 unafika mamia, ukielemea zaidi buluu kwa sababu ya uhusianifu (nadharia ya Einstein kuhusu vitu vyenye kasi kubwa). Chaneli za mbali zikinyongwa na utando, wigo unaonekana mwembamba kuliko ulivyo, na joto linasomeka dogo. Leza iliyopotea inakudanganya msongamano. Dirisha chafu linakudanganya vyote viwili.

Intaferomita, chombo kinacholinganisha wimbi lililopita kwenye plazima na lile lisilopita, nitaipitia kwa haraka kidogo, ila namba zake zinafaa kukumbukwa. Wimbi likipita kwenye elektroni, awamu yake inasogea kwa kiasi cha msongamano zidisha urefu wa njia zidisha urefu wa wimbi. Chukua plazima ileile, njia ya mita 1, kwenda na kurudi. Leza ya CO₂ ya mikromita 10.6 inasogea kama nusu ya mzunguko mmoja. Kioo cha kurudishia kikitikisika mikromita 2.5 tu kwa sababu ya pampu, kinasogeza kiasi hichohicho. Basi unaongeza leza ya pili ya heli na neoni, nanomita 633, kwenye njia ileile: kwake plazima ni kama asilimia 3 ya mzunguko, lakini mtikisiko uleule ni karibu mizunguko 8. Moja inaona vyote viwili, nyingine inaona mtikisiko, unatoa. Ukipanda hadi mikromita 195, plazima ileile inakupa karibu mizunguko 9 na mtikisiko haukusumbui sana. Ila sasa mhimili unapindishwa na plazima, na mpindo huo unakua kwa mraba wa urefu wa wimbi.

Kosa lake maarufu ni kuruka mzunguko. Kidonge cha deuteriamu iliyogandishwa kikiingizwa, msongamano unapanda ghafla, mhimili unapindwa, ishara inazimika kidogo, na kihesabuji kinapoteza mzunguko mmoja. Kwa mikromita 195 huo ni elektroni 1.1 × 10¹⁹ kwa mita ya mraba. Namna ya kulijua: plazima ikishazimika, msongamano lazima urudi sifuri. Ukiishia kwenye mzunguko mmoja kamili juu au chini, umeruka, na kazi ni kutafuta lini.

Ioni je? Hizo leza ya Thomson haizisomi kwa namna niliyoeleza. Tunapitisha mkondo wa atomu za kasi zisizo na chaji; ioni ya kaboni iliyovuliwa elektroni zote inanyang'anya elektroni moja kutoka kwa atomu, na inapotulia inatoa mwanga wa nanomita 529.1. Kwa keV 1 mstari huo unatanuka nanomita 0.37. Plazima ikizunguka kilomita 100 kwa sekunde, mstari unasogea nanomita 0.18. Kwa hiyo mtu anayetaka kuona kilomita 1 kwa sekunde anatafuta nanomita 0.0018, na spektromita yenye fremu ya chuma inasogea zaidi ya hapo mlango wa chumba ukiachwa wazi. Washa taa ya neoni kabla na baada ya kila jaribio.

Spektromita nayo ina upana wake. Tuseme ni nanomita 0.1. Kwa keV 1, ukisahau kuutoa, joto litakosewa kwa asilimia 7, na pengine hakuna atakayegundua. Kwa elektronivolti 100 kosa hilohilo linakupa joto kubwa mara 1.7 ya ukweli. Ndiyo maana kosa hili huonekana ukingoni tu, na watu hulilaumu plazima. Pia ukingoni kuna kaboni inayong'aa kwa mstari huohuo bila kusaidiwa na mkondo wa atomu. Mkondo unabidi uzimwe na kuwashwa kwa zamu ili utoe kilichobaki ukiwa umezimwa.

Sasa kioo cha kwanza, yaani kile cha kuakisi kilicho karibu kabisa na plazima. Katika mtambo kama ITER, unaojengwa kusini mwa Ufaransa, huwezi kuweka lenzi ikitazama plazima uso kwa uso. Nyutroni zinatia rangi ya kahawia kwenye glasi ya kawaida, na hata silika safi inang'aa yenyewe chini ya mnururisho, mwanga unaochanganyika na wako ndani ya nyuzi. Kwa hiyo mwanga unapitishwa kwa vioo vya metali kwenye njia yenye kona, ili nyutroni zigonge ukuta na mwanga ugeuke. Kila kona ina bei. Molibdeni inarudisha kama asilimia 60 ya mwanga unaoonekana: vioo vitatu, umebaki na sehemu moja ya tano. Rodi inarudisha robo tatu na kidogo: vioo vitatu, umebaki na karibu nusu. Rudini kwenye hesabu yetu ya mwanzo mkaone elfu 25 zile zinakuwa ngapi.

Kioo hicho kinashambuliwa kwa namna mbili zinazopingana. Atomu za kasi zinazotoroka plazima zinakichimba. Molibdeni ya kawaida ina chembechembe nyingi zinazochimbika kwa kasi tofauti, kwa hiyo uso unakuwa na matuta na mwanga unatawanyika ovyo. Molibdeni ya fuwele moja inachimbika sawasawa na inabaki kioo. Namna ya pili ni utando: vumbi la kuta linatua juu yake, na makumi machache ya nanomita yanatosha kuharibu urudishaji. Kuuondoa, wanawasha plazima ndogo ya masafa ya redio juu ya kioo chenyewe, ioni zake zikautwanga utando. Kuna mvutano hapo ambao sipendi ufichwe: kila usafishaji unakula pia kidogo cha kioo, na utando mwembamba wa rodi hauna cha kula sana.

Kuta za metali zimeleta kero nyingine. Kuta za kaboni zilikuwa nyeusi, zikimeza mwanga kwa hisani. Tangsteni inaakisi. Kamera ya infraredi ya mikromita 3 hadi 5 ikitazama bamba la tangsteni inaona joto lake dogo, maana tangsteni laini inatoa mnururisho kidogo, pamoja na mwako wa mahali pengine ulioakisiwa. Sehemu inayoonekana ya moto huenda ni taswira tu. Sogeza pembe ya kutazama ukiweza. Taswira inahama, doa la kweli halihami.

Nimalizie na uhakiki wa mwisho wa msimu, kwa sababu ndipo maswali mengi yanapoibuka. Umepima Raman kabla ya msimu na baada, na namba ya pili iko chini kwa asilimia 15. Usigawe upungufu huo kwa mstari ulionyooka, kila wiki kidogo kidogo. Upungufu wa dirisha mara nyingi unakuja kwa mkupuo: siku kuta zilipopakwa boroni huku kifuniko cha dirisha kimekwama wazi, au siku plazima ilipovunjika vibaya. Chukua msongamano wa Thomson, ujumlishe kwenye njia ileile ya intaferomita, gawa kwa namba ya intaferomita, na uchore uwiano huo jaribio kwa jaribio kwa msimu mzima. Intaferomita haijali uchafu wa dirisha mradi mwanga unapita, kwa hiyo ngazi itakayoonekana kwenye mchoro ni ya Thomson. Tafuta tarehe ya ngazi hiyo kwenye daftari la chumba cha udhibiti, sahihisha kuanzia hapo kwenda mbele, na majaribio ya kabla yake uyaache yalivyo.